Ekari Moja ya Mahindi

Kalenda ya jikoni tulipewa na muuza mbolea:
juu trekta, chini miezi imejipanga,
na Jasvir huweka nukta ya penseli
siku damu yake inapokuja.
Mwaka ule niliufunua wote.
Nukta tatu.
Februari, Juni, na moja hafifu ya Oktoba,
kana kwamba penseli yenyewe ilikuwa na shaka.

Mimi Gurtej, mwana wa Mohinder,
nalima ngano nje ya Jagraon, ekari kumi na moja.
Baba alilima ngano, na baba wa baba.
Kwetu asiyekula roti hajala,
hata umlishe mbuzi mzima.

Ya kwanza iliharibika wiki ya tisa.
Ya pili ilifika ya kumi na moja,
tulikwisha anza kunong'onezana jina.
Shangazi akasema ni jicho.
Mama hakusema kitu, alikaanga:
unga wa ngano kwa samli, sukari guru, lozi,
akafinyanga pinni kubwa kama ngumi ya mtoto.
"Kula, binti yangu, damu irudi."
Jasvir akala, kila asubuhi mbili, kwa maziwa,
na nywele zikabaki kwenye kitana,
na tumbo likajaa upepo
hata shangazi akalitazama kwa matumaini.

Tulikwenda Ludhiana kwa ajili ya uzazi.
Daktari Sethi akauliza habari za choo.
Nikaona haya, nikadhani kakosea faili.
"Ulivunja ungo una miaka mingapi?"
"Kumi na saba," akajibu mke wangu,
nami sikuwahi kulijua hilo.
Ungo uliojaa ngano huchelewa kuvunjika.

Akapimwa damu. Mrija ukashuka kooni hadi utumboni.
Daktari akachora nyuma ya bahasha:
utumbo mzima una manyoya kama zulia, hunywa chakula;
wa Jasvir umenyolewa, uwanja wa mpira.
Chuma hupita, hakishikwi.
Na mwili wenye njaa, akasema,
hufunga kwanza chumba cha wageni.
Akavua miwani. "Siwaahidi mtoto.
Naahidi ataacha kufa njaa mezani penu,
mkiacha ngano. Yote. Hata chembe."

Usiku ule nilikaa ghalani.
Magunia yamefika darini, nimeyashona mwenyewe,
nikayatazama kama ndugu aliyeshikwa na polisi:
yeye? Huyu huyu?

Mama alilia siku mbili kwa ajili ya zile pinni.
"Nilimpa kwa mkono wangu."
Siku ya tatu akanunua kikaango kipya,
akakitundika msumari wa peke yake, akakifunga uzi mwekundu,
akaanza kujifunza roti ya mahindi,
ambayo haina subira, hupasuka ukiigeuza,
hutaka viganja vimelowa na mdomo umefungwa.
Mama aliweza viganja.

Gurdwarani halua takatifu ni ya ngano.
Jasvir huipokea kwa mikono miwili, huinamisha kichwa,
kisha huimwaga kwenye mikono yangu.
Mafungu mawili kila Jumapili.
Mmoja wetu lazima anenepe.

Nimeilima ekari moja mahindi.
Majirani wamecheka, waache.
Nukta mbili zikafuatana, ya tatu ikakosa,
tukanyamaza juma zima kama watu wanaobeba yai,
na haikuwa lolote, ilikuwa tu imechelewa.
Hakuna aliyelia. Nalisema hilo kwa tahadhari.

Aprili, vumbi la mavuno hadi kwenye kope,
simu ikalia mfukoni.
"Tumbo linanikata," akasema, na alikuwa akicheka.
"Siku ishirini na tisa, Gurtej. Mwezi wa nne mfululizo."
Nikazima kombaini katikati ya shamba.
Nikashuka. Nikakaa kwenye mabua.
Vibarua wakaja mbio: "Habari njema?"
Nikasema njema.
Wakadhani ni ile nyingine, wakanipiga mgongoni,
nami sikuwasahihisha.